Makabati ya Marehemu Mama

Marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia makabati mawili ya nguo. Moja ni la mninga, zito, la kubebwa na watu wanne. La pili ni la mbao laini, lililopakwa rangi ya mafuta ya kijani tabaka juu ya tabaka, hata milango ikawa haifungi sawasawa. Mwaka mzima hakuna aliyeyagusa. Kaka yetu aliyeko Maskati aliona yauzwe. Dada yetu mkubwa hakutaka kulisikia neno hilo.

Katika shughuli za kamati ya msikiti tumeshuhudia ndugu wakigawana nyumba kwa salama, kisha wakanuniana kwa ajili ya mkeka na sufuria. Vyombo vya ndani watu huvisahau, ilhali navyo ni mirathi. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kipande cha msasa, tulimwita fundi seremala ayathamini. Akasema yote mawili, kwa hali yalivyo, ni shilingi 180,000. Baba na wazazi wa mama walikwishatangulia, hakuacha deni wala wasia, na sisi ni wana wawili na mabinti wawili: mafungu 6, kila mwana 60,000, kila binti 30,000. Dada mkubwa aliyataka yote mawili. Kaka alilisamehe fungu lake kwa kinywa chake kwenye simu, sote tukimsikia, nasi tukalisamehe letu. Dada yetu mdogo alikuwa na haja ya fedha, akalipwa 30,000 zake taslimu.

Makabati yakawa ya dada. Akaomba lile la kijani lipakwe rangi ya maziwa, nje tu. Ndani libaki lilivyo, kwa sababu bado linanukia udi wa mama.

Udi huohuo ndio uliotupa kazi ya kwanza. Kwa miaka mingi moshi wake ulikuwa umeacha utando wa mafuta juu ya milango, na kuzunguka vishikio palikuwa na weusi wa mikono. Rangi haishiki juu ya mafuta. Tuliivua milango kwa bisibisi, skrubu na bawaba tukazitia koponi, tukaosha mbao kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukazisuuza na kuziacha zikauke siku nzima. Nyufa tulizijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe.

Kabati la umri ule halifai kupigwa msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, madini ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, na kwa macho haitambulikani. Tulitumia msasa wa maji, tukiwa uani na barakoa usoni, watoto tumewapeleka kwa shangazi yao mdogo. (Wazee wetu walilainisha mbao kwa majani yenye kukwaruza ya mti uitwao msasa, karatasi hii imerithi jina lake.) Tulianza na namba 120 kuondoa vipele na michirizi ya zamani, tukamalizia na 240. Tope lililotoka tulilifuta kwa matambara tukayatia mfukoni, hatukulimwaga ardhini.

Kazi hii ilitula siku tatu, nayo ndiyo watu huiruka. Mtu hununua rangi ya bei ghali, akaipaka juu ya ile ya zamani inayong'aa, na baada ya miezi michache inabanduka vipande vipande.

Kupaka kwenyewe hakukuwa na mambo mengi. Milango tuliilaza, kwani rangi juu ya mlango uliosimama huteremka na kuganda. Tulinyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, tukapaka rangi ya chini, kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba, kila mkono tukiuacha siku nzima na kuupitishia msasa wa 320 kwa wepesi. Tulipaka baada ya Alasiri, kivulini. Jua la adhuhuri huikausha rangi kabla haijatandaa, na alama za brashi zikabaki. Dada alishika rola ndogo ya sponji, nasi tukamfuata kwa brashi laini, tukiivuta upande mmoja tu.

Siku ya tisa tulirudisha milango, ikafunga bila kusukumwa. Dada alipitisha kiganja juu yake, hakusema kitu, akafungua na kuinamisha kichwa ndani. Nguo hajazipanga bado, maana rangi ya mafuta hugusika baada ya siku moja lakini hukomaa polepole.

Lile la mninga halitatiwa rangi. Mbao kama ile kuifunika ni kuidhulumu. Litapigwa vanishi masika yakiisha, na kaka amekwisha kutuma fedha ya vanishi.