Vitendawili vya Vyuo Vikuu

Watoto wetu wa Mikese huyaona kila siku magari yaendayo Morogoro, lakini hudhani vyuo vikuu vya huko ni vya watu wengine. Basi, likizo iliyopita niliwategea vijana saba vitendawili, jibu la kila kimoja likiwa mahali pa kwenda.

“Mdogo kuliko paka, huokoa watu kwa pua!” Panya. Wakaenda Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambako panya hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa.

“Mwaka 1953 nilikuwa shule ya serikali za mitaa, mwaka 2001 nikawa chuo kikuu!” Wakafika Mzumbe.

Hazina yenyewe ilikuwa daftari tu. Lakini binti mmoja, ambaye posa yake ilikwisha letwa, aliuliza masharti ya kuingia chuoni, akayaandika humo yote. Jioni alimsomea baba yake. Posa imerudishwa. Wazazi, tuwapeleke watoto wakaone.