Kabla ya Kumlilia Soto, Hesabu Mashimo

Panda matatu yoyote ya kuingia tao asubuhi, kisha uhesabu kofia zenye herufi N na Y zilizokumbatiana. Hutakosa mbili. Makanga anayo, mwanafunzi wa chuo anayo, buda anayeuza kava za simu pale Tom Mboya anayo pia. Ukiuliza hiyo ni nembo ya nini, wengi watakuambia "New York" na kuishia hapo.

Ni timu. New York Yankees, timu ya besiboli yenye mataji 27 ya Marekani, na hakuna nyingine inayoikaribia. Leo nataka tuongee kuhusu walichofanya Desemba 2024, mwezi ambao hawakucheza hata mechi moja. Nataka tuongee kwa sababu kilichowapata kinaweza kumpata mtu yeyote: yule mtu wenu bora kabisa ameondoka, ameenda kwa jirani, na nyinyi mmebaki na pengo. Sasa mnafanya nini?

Kama hujawahi kutazama besiboli, tulia, nitakueleza haraka. Mrushaji anasimama katikati na kurusha mpira kwa kasi. Mpigaji ana gongo na anajaribu kuugonga. Nyuma kabisa, uwanja wa nje, kuna walinzi watatu, kushoto, kati na kulia, wanaokimbiza mipira ya juu. Mpigaji akiugonga mpira ukavuka ukuta, hiyo ni homurani, na kila mtu anaruka. Mechi ina awamu 9, na msimu wa kawaida una mechi 162 kwa kila timu. Mia moja sitini na mbili! Mkono wa binadamu hauwezi kurusha hivyo kila siku, kwa hivyo timu huwa na warushaji watano wa kuanza mechi kwa zamu, na wengine wa kumalizia. Warushaji ni kama unga nyumbani. Hata ukinunua leo, mwezi ujao utatafuta tena.

Juan Soto si mrushaji. Ni mpigaji, na analinda uwanja wa nje. Yankees walimtoa San Diego Padres Desemba 2023 kwa kubadilishana wachezaji 5, na wanne kati yao walikuwa warushaji. Yaani walivunja ghala kumleta mtu mmoja, tena mtu aliyebakisha mwaka mmoja tu kwenye mkataba wake. Pamoja naye akaja Trent Grisham, mlinzi mwingine wa uwanja wa nje, kama ile nyanya mama mboga anakuongezea bure baada ya kulipa. Mshike huyo Grisham akilini, tutarudi kwake.

Soto alilipa kila senti. Msimu wa 2024 alipiga homurani 41. Mchezaji mwenzake Aaron Judge akapiga 58. Kule Cleveland, kwenye mchujo, Soto alipiga homurani katika awamu ya 10 iliyowapeleka Yankees fainali, World Series, kwa mara ya kwanza tangu 2009.

Halafu Los Angeles Dodgers wakawachapa 4-1.

Hapa naomba uwe makini, kwa sababu watu wengi hukumbuka tu kwamba walichapwa na hawakumbuki vipi. Mechi ya kwanza, Yankees wanaongoza 3-2 katika awamu ya 10. Wanamleta Nestor Cortes, mrushaji aliyekuwa ametoka kuuguza mkono na ambaye hakuwa amecheza kwa zaidi ya mwezi. Freddie Freeman akampiga homurani ya alama 4 iliyomaliza mchezo papo hapo. Haijawahi kutokea hivyo katika historia ya World Series.

Mechi ya tano, ikawa saa tisa usiku kwa saa zetu, kuamkia Alhamisi. Yankees wanaongoza 5-0. Awamu ya tano, Judge anaangusha mpira ambao angeudaka akiwa amefumba jicho moja. Anthony Volpe anarusha vibaya kwenda besi ya tatu. Kisha Gerrit Cole, mrushaji wao mkuu, anabaki ameelekeza kidole besi ya kwanza badala ya kuikimbilia. Mara 5-5. Mwisho 7-6, Dodgers mabingwa.

Sasa niambie, hapo tatizo lilikuwa gongo? Alama 6 walizipata. Kilichowaua ni mikono ya kudaka na mikono ya kurusha.

Wiki sita baadaye Soto akaondoka. Alikuwa mchezaji huru, kila tajiri anamtaka, na New York Mets, jirani wa mtaa wa pili katika jiji lile lile, wakampa dola milioni 765 kwa miaka 15. Kwa pesa zetu hiyo ni karibu shilingi bilioni 99. Ulikuwa mkataba mkubwa kuliko wote kuwahi kuandikwa katika michezo. Iliripotiwa kuwa Yankees walifika milioni 760 kwa miaka 16. Kwa hivyo usiseme hawakujaribu. Walijaribu mpaka mfuko ukatoa sauti.

Manze, kilio kilichofuata! Mashabiki walimwita msaliti. Jezi zikachomwa. Na kila mchambuzi alikuwa na jina la "Soto mwingine" ambaye lazima anunuliwe kabla ya Krismasi.

Yankees hawakununua Soto mwingine. Kwanza, hayupo. Pili, na hapa ndipo nilipowavulia kofia, walirudi kwenye orodha ya mashimo. Ndani ya wiki mbili hivi walifanya mambo manne.

Walimsajili Max Fried, mrushaji wa mkono wa kushoto, kwa miaka 8 na dola milioni 218. Walimchukua Devin Williams kutoka Milwaukee Brewers, mrushaji wa kumalizia mechi, wakamtoa Cortes na kijana mmoja, Caleb Durbin. Walimchukua Cody Bellinger kutoka Chicago Cubs wakatoa mrushaji mmoja tu. Bellinger anaweza kulinda kushoto, kati au kulia, hata besi ya kwanza. Na kwa besi ya kwanza wenyewe wakamleta mzee wa kazi Paul Goldschmidt, mwaka mmoja, milioni 12.5. Judge akarudishwa kulia, mahali alipozoea, na katikati pakawa na watu wenye miguu ya kupakimbilia.

Piga hesabu. Soto angekula wastani wa milioni 51 kwa mwaka. Ukijumlisha wastani wa Fried na hizo za Goldschmidt, bado hufiki milioni 40. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mhunzi anayejua kazi haendi sokoni kulilia koleo. Anaangalia kwanza ni kitu gani kilikuwa kinamharibia kazi hata koleo ilipokuwa nzima.

Na mtu wa kipaji kikubwa huwa anayaficha mashimo. Akiwepo, mnashinda, kwa hivyo hakuna anayeuliza paa linavuja wapi. Akiondoka, mnadhani mvua imeletwa na kuondoka kwake.

Hii najua kwa sababu niliiona karibu zaidi ya hapo. Tulikuwa wanne tukitengeneza video fupi za stori za mtaa. Mmoja anashika kamera, mmoja anahariri, mimi naandika, na mmoja ndiye sura. Yule wa sura alikuwa moto. Angesema "niaje" tu na watu wacheke. Januari 2025 akapata kazi kwenye ukurasa mkubwa zaidi, wanamlipa kila mwisho wa mwezi. Ana mamake anayemtegemea na kodi inayomngoja tarehe tano. Alituambia uso kwa uso, tukamkumbatia, akaenda. Ukimwita huyo msaliti, basi wewe hujawahi kufungiwa mlango na caretaker.

Kwenye kibubu chetu kulikuwa na 42,000. Mwenzangu wa kamera alitaka tumtafute mtu anayefanana naye, anayeongea kama yeye, tumlipe zote. Nikamwambia tungoje kidogo. Tukakaa kibandani, chai na mandazi, tukasoma komenti za miezi sita, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nazihesabu nyuma ya daftari. Malalamiko namba moja yalikuwa sauti. "Upepo unameza maneno." "Rudieni, hatusikii." "Jamaa anachekesha lakini nimesikia nusu." Watu walikuwa wanavumilia sauti mbovu kwa sababu ya sura yake.

Tukanunua maiki mbili ndogo za kubana shatini. Tukarekebisha laptop ya kuhariri iliyokuwa inazima katikati ya kazi. Iliyobaki tukamlipa dada mmoja wa Kayole anayejua kuigiza sauti za watu watano peke yake. Hafanani hata kidogo na yule aliyeondoka.

Sitawadanganya eti tumeomoka. Watazamaji walipungua mwezi wa kwanza, na kuna siku mwenzangu alinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe wa familia. Lakini malalamiko ya sauti yaliisha, na watu sasa wanatazama video mpaka mwisho, kitu ambacho zamani hakikutokea sana. Bado tunagawana nauli.

Turudi New York, kwa sababu nao hawakupata hadithi ya kupendeza tu. Machi 2025, kabla msimu haujaanza, Gerrit Cole alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwaka mzima ukaisha bila yeye. Fikiria wangekuwa wametumia kila kitu kwa mpigaji mmoja, halafu mrushaji mkuu anaanguka hivyo. Lakini Fried alikuwepo. Alishinda mechi 19, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa ligi msimu huo. Bellinger akapiga homurani 29. Na yule Grisham, nyanya ya kuongezewa? Homurani 34. Bure, wasee!

Upande mwingine, Williams alitetemeka. Kufikia mwisho wa Aprili alikuwa ameshapokonywa kazi ya kumalizia mechi. Durbin waliyemtoa akapata namba kule Milwaukee. Na Oktoba, Toronto Blue Jays wakawatoa Yankees 3-1 kwenye mchujo, na Fried mwenyewe akachapwa alama 7 katika mechi ya pili. Kwa hivyo mpango mzuri haukuleta taji.

Lakini tazama namba hii. Mwaka 2024 wakiwa na Soto, Yankees walishinda mechi 94. Mwaka 2025 bila Soto, walishinda 94. Ile ile. Soto naye aliwafanyia Mets kazi yake vizuri sana, homurani 43, na Mets wakamaliza na ushindi 83, wakakosa mchujo siku ya mwisho kabisa baada ya kufungwa na Miami Marlins. Soto hakukosea popote. Mets nao walikuwa na mashimo, na moja kubwa lilikuwa la warushaji.

Najua mtu ataniambia, "Hiyo ni rahisi kwa mwenye mabilioni. Sisi tukiachwa hatuna Fried wa kununua." Ni kweli, pesa zao hatuna. Lakini kusoma ulipovuja hakuhitaji mabilioni. Sisi kulitugharimu chai mbili na mandazi manne. Kigumu hapo ni moyo. Mtu akikuacha, moyo unataka kujaza nafasi yake haraka, na kwa mtu wa umbo lile lile, ili ionekane hakuna kilichobadilika. Nimeona wasee wakifanya hivyo kwenye bendi, kwenye biashara ya viatu, hata kwenye mapenzi. Wananunua mwigo wa yule aliyeondoka, halafu wanamchukia kwa kutokuwa yeye.

Na kazi yenyewe haiishi. Msimu wa 2025 ulipoisha, Bellinger alitumia haki yake ya kujitoa kwenye mkataba akawa mchezaji huru. Grisham akakubali kubaki mwaka mmoja zaidi kwa dola milioni 22. Williams, Desemba hiyo hiyo, naye akavuka kwenda Mets. Yankees wakarudi mezani na daftari: warushaji wangapi wazima, uwanja wa nje una nani, nani atalinda kushoto.

Basi wewe uliyeachwa mwezi huu, na msanii wenu, mpishi wenu au fundi wenu, usimtukane, na usiweke tangazo la kumtafuta pacha wake leo. Tafuta kalamu. Andika vitu vitatu ambavyo wateja walikuwa wanalalamikia yeye akiwa bado yupo. Kisha uniambie, ni vingapi kati ya hivyo vilikuwa kazi yake?