Kitengela: Kuku wa Kuchoma na Haki ya Jirani



Wapenzi wasomaji, kwa wiki mbili hatukuonana katika ukurasa huu, kwa kuwa tulikuwa safarini, sisi na mama watoto, kumzuru binti yetu aliyeolewa akahamia Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Wengi wenu mna wana na mabinti waliokwenda kukaa bara kwa ajili ya kazi au ndoa, na kila mnapozungumza nao kwa simu huwauliza: mnakula nini huko, na ni nani aliyekichinja? Sisi nasi tulikwenda na swali hilo. Tumerudi na jingine lililo zito zaidi.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile isimamayo njiani Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Minazi ilituaga mapema, ikaja mibuyu, kisha nyika nyekundu ya Tsavo. Baada ya Emali hewa ikageuka baridi na mama watoto akajifunika mtandio wa pili. Tulishuka Athi River baada ya adhuhuri, tukasali kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukapanda matatu.

Kitengela iko karibu kilomita 30 kusini ya Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga, mpakani na Tanzania. Ardhi hii ilikuwa ya malisho. Ni sehemu ya uwanda wa Athi na Kaputiei, unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946, na wanyama wa hifadhi hiyo walizoea kutoka wakati wa mvua kuja kulisha huku pamoja na ng'ombe wa Wamaasai. Katika miaka ya 1980 ranchi ya kikundi iligawanywa, kila familia ikapata shamba lake. Mwaka 1990 likaanzishwa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje kule Athi River, na wafanyakazi wakatafuta mahali pa kukaa. Mashamba yakakatwa viwanja, viwanja vikauzwa, na katika sensa ya mwaka 2019 Kitengela ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000. Binti yetu na mumewe ni wawili katika hao. Nyumba yao imejengwa juu ya ardhi ambayo jirani yao, mzee wa Kimaasai, alilishia ndama wa babake alipokuwa mtoto.

Tunaeleza haya kwa sababu sisi watu wa pwani tunaijua vyema habari ya ardhi, na mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Kitengela, sisi ndio wageni.

Usiku wa kwanza tuliona kwamba mjukuu wetu hanywi maziwa, na mwaka uliopita tulipokuja alikuwa akinywa kikombe kizima kila asubuhi. Tulipouliza, binti yetu akainamisha kichwa. Maziwa yale, alisema, yalikuwa yakiletwa na mke wa jirani, na sasa hayaji.

Kisa chake ni hiki. Mzee alimwoza mwanawe, akawaalika kwenye karamu kwa ndugu zake upande wa Isinya. Walikwenda, wakakaribishwa, wakawekewa sinia la nyama ya mbuzi. Wakijua kuwa hakuchinjwa na Muislamu, wala hawakusikia jina la Mwenyezi Mungu likitajwa, hawakuila. Hawakusema neno pia. Waliona haya. Walikaa na sinia lao mbele yao, wakanywa soda, wakaaga mapema. Tangu siku ile salamu zikawa fupi na maziwa yakakatika. Mzee aliwaambia watu kwamba wale Waswahili wameidharau nyumba yake.

"Baba, tulikosea kukataa?" aliuliza mkwe wetu.

Tukamjibu: hamkukosea kukataa, mlikosea kunyamaza. Mtu akikuona unakataa chakula chake bila sababu, ataitafuta sababu mwenyewe, na aghalabu ataipata iliyo mbaya.

Tukakubaliana kwamba mzee na watu wake waalikwe siku ya Jumapili. Binti yetu akasema atachoma kuku, kwa kuwa hilo ndilo pishi lake la wageni siku hizi.

Jumamosi tulikwenda mjini Kajiado, yapata kilomita 50 mbele, kumwona rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni ambaye sasa anafundisha watoto huko. Mji wenyewe ni mtulivu, makao makuu ya kaunti, na reli ya zamani itokayo Konza kwenda Magadi kuchukua magadi hupita hapo. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, maana yake mto mrefu. Tulimsimulia rafiki yetu kisa cha sinia. Akacheka kwa huzuni, akasema amekaa miaka mingi na Wamaasai na hajaona watu wenye subira kuliko wao kwa anayesema wazi, wala wenye kuumia haraka kuliko wao kwa anayewanyamazia. Njiani wakati wa kurudi tulisimama Isinya, tukanunua majogoo wawili wachanga, kila mmoja wa kilo moja na nusu hivi. Kuku mkubwa wa kienyeji ni mtamu, lakini kwa moto wa makaa peke yake hukauka kabla hajaiva; yeye mwacheni kwa mchuzi.

Jumapili asubuhi tulimwita mjukuu, ana miaka tisa, aone. Kisu tulikinoa mbali na macho ya kuku, na jogoo mmoja hakuchinjwa mbele ya mwenziwe, kwani tumeamrishwa kufanya wema hata katika kuchinja. Tukaelekea Kibla, tukataja jina la Mwenyezi Mungu, tukakata koo la pumzi, umio na mishipa miwili ya shingo kwa mkono mmoja usiosita. Tulimwacha damu imtoke na atulie kabisa kabla ya kumtia maji ya moto, na maji yenyewe yasiwe ya kuchemka wala asikae humo muda mrefu, matumbo yakiwa bado ndani. Mjukuu aliuliza mbona tunangoja. Tukamwambia: roho haiondolewi kwa haraka ya tumbo.

Sasa mama na mabinti, pishi lenyewe. Mkwe wetu alifanya kazi Doha, na huko alizoea kula kwa wapishi wa Sham kuku aliyetiwa mafuta ya zeituni, limau na kitunguu thomu, kama wafanyavyo watu wa pwani zote za Bahari ya Mediterania. Nazi nzuri Kitengela ni ya kutafutwa, kwa hiyo kuku wa kupaka huwa wa nadra, lakini malimau yapo sokoni, na uani kwa binti yetu kuna kichaka cha rozimari, mmea wa majani membamba kama sindano ambao huku hupandwa kuwa ua. Mafuta ya zeituni yana bei, ila hayahitajiki mengi. Na mzeituni ni mti ambao Mola wetu ameuapia katika Suratu Ttiin. Si haba kuwa nao mezani.

Kwa kuku mmoja, binti yetu hutia mafuta ya zeituni vijiko vinne vya chakula, maji ya malimau mawili, punje sita za thomu zilizopondwa, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, pilipili manga kijiko kimoja, bizari nyembamba nusu kijiko, na kijiko cha chakula cha majani ya rozimari yaliyokatwakatwa. Mwenye zaatari kavu huongeza. Robo ya rojo hili huwekwa kando kabla halijamgusa kuku mbichi, liwe la kumpaka mwishoni.

Kuku hukatwa kwa mkasi kando ya uti wa mgongo, akafunguliwa kama kitabu, kidari kikakandamizwa mpaka kilale. Akilala hivyo huiva sawasawa, paja na kidari pamoja. Husuguliwa rojo nje na chini ya ngozi, akawekwa katika friji saa nne au zaidi. Chumvi huingia ndani ya nyama, limau hulainisha juu, mafuta hubeba harufu ya majani na kuzuia ukavu. Asilazwe siku mbili, maana limau likizidi nyama huwa kama unga.

Jiko lao ni pipa la chuma lililopasuliwa katikati, likatiwa wavu. Makaa yakishawaka na kufunikwa jivu, husogezwa upande mmoja, na kuku hulazwa upande usio na makaa, ngozi juu, akafunikwa sufuria kubwa. Hapo ndipo wengi wetu hukosea: humweka juu ya moto mkali, ngozi ikaungua na mfupa ukabaki na damu. Baada ya dakika 50 hivi, hugeuzwa ngozi chini juu ya makaa kwa dakika chache apate rangi, akapakwa lile rojo lililowekwa kando. Dunga paja: maji yakitoka meupe ameiva, yakitoka na wekundu, mrudishe. Kisha apumzike dakika kumi kabla ya kukatwa.

Na hapa tuweke onyo. Mwezi wa Julai Kitengela ni baridi, na jiko likibaki na makaa mtu hutamani kuliingiza chumbani alale na joto. Msifanye hivyo hata siku moja. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Choma nje, na jiko libaki nje.

Mzee alikuja alasiri na mkewe, mwanawe aliyeoa na wajukuu watatu. Alikaa kitini, fimbo yake magotini, akatuamkia kwa heshima na akiba. Kuku wakaletwa, wameiva rangi ya shaba, pamoja na viazi, kachumbari na mkate wa mofa. Watoto wakashambulia. Mke wa mzee akachukua kipande kidogo. Mzee hakunyoosha mkono.

Binti yetu akaturamba kwa jicho la hofu, akidhani kisasi cha lile sinia kimefika. Nasi tukamkumbuka Nabii Ibrahim (A.S.), aliyewawekea wageni wake ndama wa kuchoma, akaona mikono yao haikifikii chakula, moyo wake ukaingia wasiwasi, kama tusomavyo katika Suratu Hud. Ikiwa Khalilullah alifadhaika, sisi ni nani? Tukaamua kuuliza.

"Mzee, chakula chetu kina kasoro?"

Akatutazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. "Hapana, Sheikh. Wazee wetu hawakula ndege. Hawa watoto wanakula, wamesoma nanyi shuleni. Mimi mdomo wangu haujui kuku. Nilinyamaza nisimvunje moyo mama huyu aliyepika."

Kimya kikatanda, kwani kila mmoja wetu alisikia alichosema. Mkwe wetu akasogeza kiti. "Mzee wangu," akasema, "na sisi kwa ndugu zako tulinyamaza vivyo hivyo." Akamweleza habari ya kuchinja, neno kwa neno, bila kujitetea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Mbona hamkusema?" akauliza. "Mbuzi walikuwa wanane. Ningemwita Muislamu amchinje wenu. Hata nyama tununuayo mjini, kichinjioni wanaochinja ni Waislamu. Mliona nitakasirika kwa neno, mkaniacha nikasirike bila neno."

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimhadithia tu kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwekewa nyama ya mnyama wa jangwani aitwaye dhabu, akarudisha mkono, na alipoulizwa kama ni haramu akaeleza kuwa siyo, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Mwenziwe Khalid bin Walid akamla palepale, naye akitazama. Hakuna aliyemdharau mwingine, kwa sababu sababu ilisemwa. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo angekaa vizuri na Wamaasai," akasema. Binti yetu akamletea chai ya maziwa iliyojaa tangawizi na mkate wa mofa, akala viwili.

Wapenzi wasomaji, haki ya jirani katika dini yetu haikuwekewa sharti la kuwa jirani awe Muislamu. Tumeusiwa tupikapo mchuzi tuongeze maji tuwakumbuke majirani. Basi wafundisheni watoto wenu waendao bara kuchinja kwa mikono yao na kuchoma kwenye ua wao, na wafundisheni pia kusema: mzee wangu, mama yangu, hiki dini yetu hairuhusu, lakini nyumba yako tunaipenda. Wa kwanza wamefundishwa wengi. Hilo la pili tumelisahau.

Jumatatu tuliamka alfajiri kwa safari ya kurudi. Mjukuu alikwenda kufungua lango, akarudi mbio. Juu ya jiwe la langoni palikuwa na kibuyu cha maziwa, kimefunikwa kwa kitambaa chekundu, bado kina joto.

Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu popote zilipo, na atupe ulimi mwema na ujirani mwema. Wabillahi tawfiq.