Mboga Zilizonifundisha Adabu Kilwa

Mwezi Februari 2025 nilisafiri kutoka Lindi kwenda Kilwa Masoko kuzungumza na akina mama wa kanisa juu ya chakula cha mama mjamzito. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimeona jinsi upungufu wa damu unavyowasumbua akina mama wetu. Niliona afadhali niende na mboga za kuonyesha kuliko kusema kwa mdomo tu. Jioni ya kuamkia safari nilinunua sokoni mafungu ya mchicha, matembele na majani ya kunde. Nikayaosha, nikayashindilia yakiwa bado yanachuruzika maji ndani ya ndoo ya plastiki, nikafunika kwa mfuniko. Nikajiona mama hodari.

Ukitoka Lindi unapita Mchinga na Kiranjeranje, kisha penye njia panda ya Nangurukuru unakunja kulia kuelekea baharini, zilipo Kivinje na Masoko. Mwezi huo joto la pwani halina huruma. Nilipofunua ndoo mbele ya akina mama, ilitoka harufu ya kuchacha. Nilitia mkono ndani nikakuta joto, na mchicha unateleza kama mlenda. Akina mama walicheka kwa upole, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliona haya. Mwalimu wa mboga amekuja na mboga zilizooza!

Kesho yake mmoja wao aliniomba tuvuke kwenda Kilwa Kisiwani kumtembelea shoga yake, mama wa Kiislamu aliyefahamiana naye tangu usichana. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito na hali yake haikuwa nzuri. Tulipanda mashua pale Masoko, na baada ya muda mfupi tukawa tumefika. Wageni wengi huja kisiwani kuona magofu: Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, na mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mimi siku ile nilijifunza zaidi jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, piteni ndani."

Nilisoma kadi ya kliniki ya yule binti. Damu yake ilikuwa 9, wakati mjamzito anatakiwa afikie walau 11. Vidonge vya kuongeza damu alipewa, lakini alikuwa ameviacha kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Nilimsihi asiviache, avimeze baada ya chakula cha usiku, na kama bado vinamsumbua arudi kliniki aeleze. Pia ale mboga za majani kila siku, akikamulia ndimu ili mwili upokee vizuri madini ya chuma, na chai aiweke mbali na mlo.

"Kila siku!" mama mkwe akasema. "Mboga zetu nyingi zinakuja kwa mashua. Bahari ikichafuka hatuvuki. Ndiyo maana mboga ya leo lazima niitunze mpaka kesho kutwa. Njoo uone."

Alinipeleka upenuni, mahali penye kivuli na upepo. Mchicha wenye mizizi ulikuwa umesimama katika karai lenye maji kidogo, mizizi tu ndiyo imelowa. Matembele na majani ya kunde alikuwa ameyafungua kamba, akachambua yaliyopondeka na yaliyogeuka manjano, akayalaza bila kuyabana katika kapu la ukili lililotandikwa kipande cha khanga kuukuu chenye unyevu. Kapu lilikuwa ndani ya mtungi uliovunjika shingo, na mtungi umekaa juu ya mchanga uliomwagiwa maji. Majani yalikuwa mabichi kama yaliyochumwa asubuhi ile.

Hapo nikaelewa kosa langu. Jani likishachumwa bado lina uhai. Linapumua, linatoa joto, na linapoteza maji. Ukilianika juani linanyauka. Ukilibana ndani ya ndoo likiwa limelowa, joto lake halina pa kutokea, na maji yaliyoganda juu yake yanalifanya lioze. Linataka kivuli, unyevu kidogo na hewa. Maji yanayovukizwa kutoka kwenye kitambaa na mchanga hupunguza joto. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, njia hii hupungua nguvu. Basi nunua kidogo kidogo.

Mama mwenzangu, nyumbani fanya hivi. Nunua asubuhi. Usioshe wala kukatakata mboga mpaka wakati wa kupika, kwa maana jani lililokatwa hupoteza vitamini haraka na kuharibika upesi. Kisamvu nacho kiache kikiwa majani mazima, ukitwange siku ya kukipika, na ukichemshe vizuri kiive. Usiweke mboga pamoja na ndizi mbivu, maembe au nyanya, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa hewa inayoyafanya majani yawe ya manjano. Kwa njia hii mchicha hukaa siku moja hadi mbili bila jokofu. Mwenye jokofu aufunge katika kitambaa safi chenye unyevu, auweke sehemu ya chini, mbali na samaki wabichi. Utakaa siku tatu hadi tano. Mboga iliyopikwa isilale mezani katika joto letu hili.

Kabla hatujaondoka, mama yule alifungua kopo lenye majani makavu ya kunde. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam huko Somanga, na bahari nayo haikuvukika. Siku hizo, alisema, kopo ndilo lililowalisha. Yeye huosha majani, huyatia katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, huyachuja, kisha huyatandaza juu ya ungo, amefunika kwa chandarua. Huyakausha kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huharibu vitamini A, mpaka yavunjike kama karatasi. Vitamini C hupungua sana, lakini madini ya chuma hubaki. Siku ya kupika huyaloweka na kuyaunga kwa tui la nazi, na mafuta ya nazi husaidia mwili kupokea vitamini A.

Mwezi Aprili nilipopita tena Masoko, nilipewa habari kwamba yule binti alirudia vidonge vyake bila kukosa na damu imefika 11. Vidonge vilifanya kazi kubwa, na mboga ya kila siku ilisaidia. Safari hiyo nilikuwa na mchicha tena kwa ajili ya akina mama. Niliubeba magotini, ndani ya kapu la ukili, umezungushiwa khanga yenye unyevu. Ulifika ukiwa mbichi, tukaupika siku ileile.