Mbona Bibi Harusi Anajikokota?



Sisi wa cherehani hapa Kilindoni neno hili tunalisikia kila msimu wa harusi. "We mtoto, mbona unajikokota? Fundi anasubiri!" Shangazi huyo, anamharakisha binti aje kupima gauni.

Kukokota ni kuvuta kitu kizito kikiburuzika, ndiyo maana mkokoteni ukaitwa mkokoteni. Anayejikokota basi, mzigo ni yeye na mvutaji ni yeye. Kachoka, anaumwa, au hataki kufika. Si kujikongoja, ule mwendo wa mkongojo, wa mzee au aliyetoka kuugua. Kunyata ni kwingine kabisa, muulize paka wa sokoni. Na papa potwe wetu, wale wageni wanaowafuata kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, anakwenda polepole lakini hajikokoti hata kidogo!

Bibi harusi naye hufundishwa na somo wake kwenda taratibu, na ni vizuri. Surat Al-Furqan, aya ya 63, inawasifu waja wanaotembea kwa unyenyekevu. Mwingine anakwenda polepole kwa sababu shela ni refu na hina haijakauka.

Ila yupo anayekuja kupima mara ya tatu na hajauliza hata rangi ya kitambaa. Ukisema inua mkono, anainua. Geuka, anageuka. Huyo ndiye anayejikokota. Hapo tunamtuma shangazi dukani akatununulie uzi, hata kama uzi tunao tele, kisha tunamuuliza binti: mume umemridhia? Wengi hucheka, kumbe ni uchovu tu wa shughuli. Mmoja alilia mpaka shangazi akarudi akamkuta bado analia. Ndoa ile haikufungwa.

Tuliambiwa fundi kazi yake kushona. Sawa. Lakini Mtume (s.a.w.) ameagiza bikira aombwe idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Wanazuoni wamefafanua kuwa huko ni kunyamaza kwa haya, si kwa hofu. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Mama zetu, mashangazi, muulizeni mapema, kabla ya kuja kwetu. Fedha ya utangulizi tunarudisha. Kitambaa kikishakatwa ndicho hatuna la kufanya.