Bei ya Kiwanjani

Nilistaafu ukadiriaji majenzi mwaka 2023, na tangu hapo naitwa kila mara kutazama nyumba za wapangaji zilizokwama kwenye linta. Wenyewe huniuliza pesa zao zimeishia wapi. Nikifunua makadirio, nakuta ugonjwa uleule niliogombana nao tangu Katavi ipewe hadhi ya mkoa mwaka 2012, watumishi wakamiminika hapa Mpanda, makao makuu yake, na kila mwenye akiba akataka kujenga vyumba vya kupangisha.

Nilizaliwa hapa mwaka 1963. Baba aliletwa na mgodi wa risasi, huohuo ulioivuta reli kutoka Kaliua. Ulipofungwa mwaka 1960 wenzake waliondoka, yeye akabaki kulima. Shule, Chuo cha Ardhi, kisha ofisi za watu. Hayo hayana maneno mengi.

Aliyenifunza kazi hakuwa na cheti. Alikuwa mwashi wa Kifipa, sote tukimwita Mzee tu. Mimi nilitoka chuoni najua kwamba tofali za saruji za inchi sita huingia kama 10 kwenye mita moja ya mraba ya ukuta. Yeye, kabla ya kutaja idadi ya tofali za kuchoma, alikwenda tanurini na futi yake, akapanga tofali kumi kwa mstari, akapima. Kila mchomaji ana kalibu yake, na tofali za tanuri mbili jirani zaweza kupishana hata dole gumba. Nilipomwonyesha kitabu changu aliniuliza, "Hizi za kwako, mwanangu, zimechomwa tanuri gani?"

Swali lake la pili lilikuwa maji. Kiangazi tanuri zinawaka na barabara zinapitika, lakini visima vinashuka na pipa la maji linakuwa na bei. Masika maji ni ya bure, ila tofali hazikauki, na zamani malori yalikuwa yakilala njiani kwenye barabara ya Tabora, upande wa Koga. Asiyeandika mwezi wa kuanza kazi, alisema Mzee, hajaandika bei.

Sasa ugomvi wenyewe. Mkadiriaji mwenzangu, ambaye simtaji kwa kuwa bado anatafuta riziki, alikuwa akichukua bei za Dar es Salaam na kuongeza asilimia fulani juu ya kila kitu, eti usafiri. Tulibishana mbele ya mteja hadi chai ikapoa. Lori halitozi asilimia, linatoza uzito na nafasi. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Kitasa kizuri chaweza kuwa na bei ya mifuko minne, nacho hakifiki hata kilo mbili, ilhali mifuko hiyo ina kilo 200. Kwa hesabu ya mwenzangu vyote vinalipa nauli sawa! Mchanga na tofali za hapahapa navyo vilipandishwa, kana kwamba vimepanda treni. Mteja alimfuata yeye kwa sababu karatasi yake ilikuwa fupi. Saruji ilimwishia kabla ya paa, huku fedha nyingi zikiwa zimetengewa mchanga.

Vijana wa kompyuta, nanyi nawaambia: jedwali lenu linajumlisha vizuri upuuzi mliouingiza. Tokeni nje. Pimeni tofali. Ulizeni dereva.

Na mwenye nyumba asidhani gharama huisha fundi akishuka darini. Kuna miezi ya chumba kitupu, rangi mpya kila mpangaji anapohama, kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, na mpangaji akiwa ofisi au kampuni, asilimia 10 ya pango inazuiwa kwa ajili ya kodi. Sijaona mchanganuo mmoja wa mwenzangu yule wenye mistari hiyo.

Lami ya Tabora imepunguza nauli, haijaifuta. Kwa hiyo wewe unayetaka kuwekeza Mpanda, mdai mkadiriaji wako bei ya kila kifaa kikiwa kimeshushwa kiwanjani kwako, mstari kwa mstari, kabla hujamlipa.