Sweta ya Julai

Julai hii Nairobi jua limetoroka. Nalala na soksi, chai inapoa kabla sijamaliza aya moja ya mteja. Nimerudia Siku Njema ya Ken Walibora. Shuleni niliisoma ya mtihani tu, sikuona Kongowea anavyochoka kumtafuta babake. Jana usiku, ndani ya blanketi, nikatazama Supa Modo. Kijiji kizima kinamwigizia mtoto mgonjwa kwamba ana nguvu za ajabu. Wengi hulia mwishoni. Mimi nililia hapo kwenye uongo.

Asubuhi mama akapiga simu. "Masomo yanaendeleaje, na hiyo baridi?"

Niliacha chuo mwaka juzi.

"Baridi ni kali, mathe."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema nivae sweta nikienda darasani.